Sisimizi Juu ya Pembe

Sisimizi hawali pembe. Inspekta Waliaula alikuwa na hakika na jambo hilo. Alikulia kwenye boma la ng'ombe kule Bungoma, pembe zikiwa zimetupwa kila kona, na hakuwahi kuona sisimizi wakihangaika nazo baada ya nyama kwisha. Lakini pembe iliyokuwa juu ya meza yake asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwezi wa nne 1993, ilikuwa imejaa sisimizi. Walipanda kwa mguu wa meza, wakavuka kalenda, wakaingia kwenye nyufa za pembe, na kila aliyetoka alikuwa amebeba kitu.

"Nilete dawa, Afande?" Konstebo Lornah aliuliza.

"Waache. Hao ndio walioripoti wizi. Sisi wengine tulikuwa tumelala."

Lornah alicheka. Alikuwa amekaa kituoni hapo muda mrefu kuliko mkubwa wake, na hakuona haja ya kumcheka kwa siri.

Pembe hiyo ilitakiwa kuwa ya kifaru. Ilikuwa ile ndogo ya nyuma, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi mahali pa kuvaa saa. Waya ulipita kwenye tundu lililotobolewa kwenye kitako chake, na kwenye waya paling'inia lakiri, muhuri wa madini ya risasi, yenye namba. Daktari Absalom, mganga wa wanyama aliyeileta Kisumu, alikuwa ameipiga picha lakiri hiyo na kuwagawia wajumbe wote wa Kamati ya Pembe, ili waone ilivyo imara. Kamati ingekutana kesho. Ilikuwa na swali moja la kujibu: je, serikali iruhusiwe kuuza pembe za vifaru waliokufa wenyewe, na zile zilizokatwa bila kumuua mnyama, kila pembe na lakiri yake, ili fedha zirudi kuwalipa askari wa mbuga?

Jana asubuhi Dorca Nakhungu, mtunza stoo wa kamati, alifungua kabati la chuma akakuta sisimizi. Akawapigia simu polisi. Daktari Absalom aliitwa, akaikwaruza pembe kwa kisu, akasema hii siyo. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa shingoni mwa Dorca. Basi Dorca alilala seli.

"Bado unaiangalia?" Mkuu wa kituo, Bwana Shitanda, alisimama mlangoni na sigara. "Hata ukiiangalia mpaka Krismasi, haitasema. Kesho asubuhi yule mama naye anaenda kortini."

"Aliyeiba alituita yeye mwenyewe?"

"Ujanja huo. Nimeuona mara nyingi."

"Mara ngapi, Bwana Mkubwa?"

Shitanda alizima sigara yake kwenye ndoo nyekundu ya mchanga iliyokuwa kwenye ukumbi, ile ya kuzimia moto, akaenda zake. Ndoo hiyo ilikuwa na vipande vya sigara vingi kuliko mchanga.

Waliaula alimega kipande cha pembe kwa kisu. Kilitoka kwa urahisi mno. Alikitumbukiza kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, wote wawili wakainama kutazama. Kipande kililegea. Kikafunguka. Chini ya kikombe vikabaki vijiti vyembamba, vyeusi, vilivyokwanguliwa na kupangwa kwa urefu, na maji yakawa mazito.

"Kwato za ng'ombe," Waliaula alisema. Hizo alizijua. Kisha akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Na hii?"

Lornah hakuhitaji kunusa mara mbili. "Mbuta."

"Samaki anafanya nini ndani ya pembe?"

"Gundi, Afande. Ile bondo ya mbuta, kile kibofu cha hewa cha tumboni, ukikichemsha kinakuwa gundi. Zamani watu walikuwa wanafanya. Siku hizi nani atachemsha? Mabondo yanakaushwa yanapelekwa Hong Kong. Kule wanatengeneza supu."

Kumbe Shitanda hakuwa amefika mbali. Alirudisha kichwa mlangoni.

"Hong Kong? Na pembe zinaenda wapi? Si huko huko? Kesi imekwisha, Waliaula. Dorca alifungua mlango, na yule Agneta anayewauzia Wachina mabondo akabeba. Mlete naye alale hapa."

*

Dorca alikuwa ameketi juu ya sweta yake aliyoikunja vizuri, mgongo ukiwa mbali na ukuta. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, wa Kakamega, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuhesabu vitu mbele ya watu.

"Mama Dorca, nani aliishika pembe tangu ifike?"

"Mimi, siku ya kuipokea. Halafu Jumatatu jioni, Daktari Absalom na Bwana Walubengo."

Waliaula alimjua Enos Walubengo kwa kumsikia redioni. Alikuwa askari wa mbuga zamani. Sasa aliongoza chama cha watu wasiotaka pembe iuzwe kwa namna yoyote, na alikuwa na kiti kwenye kamati.

"Walikuja pamoja?"

"Walubengo ndiye aliomba waione. Saa kumi. Daktari akasema haachi pembe yake na mtu huyo, akaja pia. Wakaanza kubishana kabla sijafungua kabati. Nilipoiweka tu pembe mezani, mvua ikaja na stima ikapotea."

"Ikapotea muda gani?"

"Wa mimi kwenda mlangoni kumwita askari alete taa. Chumba hakina dirisha, baba. Giza totoro. Lakini sikutoka, nilisimama pale mlangoni. Niliwasikia wote wawili wakibishana bila kunyamaza. Mmoja anasema utawaua wote, mwingine anasema wewe ndiye umewaua. Taa ilipokuja, pembe ilikuwa mezani. Nikaifunga."

"Mtu anaweza kubishana huku mikono yake inafanya kazi."

Dorca alimtazama. "Anaweza. Lakini angetoka nayo vipi? Pale getini ukitoka lazima upekuliwe, mpaka soksi. Daktari alipekuliwa, mkoba ukamwagwa chini. Walubengo alivuliwa koti la mvua. Mimi napekuliwa kila siku."

"Na kuingia?"

"Kuingia hapana. Nani ataleta pembe?"

Waliaula alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Yalimpendeza.

"Unaogopa kesho?"

"Siogopi korti. Nitasema ukweli, labda hakimu ataniachilia." Dorca alipapasa shingo mahali ambapo kamba ya ufunguo haikuwepo. "Lakini nikishapandishwa pale mbele ya watu, nani atanipa ufunguo wa kitu tena? Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Kutunza vitu vya watu."

*

Agneta alikuwa na uwanja wake wa kukaushia nyuma ya stesheni, karibu na gati. Mabondo yalikuwa yametandazwa juu ya nyavu za chuma, meupe, mamia, na maturubai yamevutwa nusu kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kujikusanya juu ya ziwa.

"Mama Agneta, habari ya kazi?"

"Kazi imezama kama Ahero wakati wa mafuriko. Jua hakuna, mvua kila siku, mali haikauki. Umekuja kununua ama kukamata?"

"Kuuliza."

"Kuuliza ni bure. Keti. Si hapo! Hapo ni pa paka."

Waliaula alihama, Lornah akabaki amesimama. Paka alichukua nafasi yake bila haraka.

"Wachina wako wamewahi kukuuliza habari ya pembe za kifaru?"

"Wameuliza. Mmoja aliniuliza mpaka nikamwambia, omera, ndugu yangu, mimi mnyama huyo nimemwona kwenye kitabu cha watoto tu. Akacheka, akaongeza bei ya mabondo. Wewe unafikiri nitatupa biashara ya samaki nisumbuane na serikali kwa pembe moja? Pembe moja nile mwaka mmoja, halafu nifungwe yote iliyobaki?"

Waliaula alitoa kitambaa mfukoni na kukifungua. Kipande cha pembe bandia kilikuwa kimeanza kunata. Paka alishuka kitini mara moja.

"Unaona?" Agneta alicheka. "Huyo ndiye inspekta." Alikichukua, akakibonyeza, akanusa. "Bondo, ndiyo. Lakini si yangu ya kuuza. Hii haikuoshwa. Hii ni yale mapasuko, takataka. Mtu hawezi kuchemsha bondo zima kwa bei ya sasa, Lornah, si unajua?"

"Najua, mama."

"Na mapasuko unampa nani?" Waliaula aliuliza.

"Paka na Opiyo."

"Opiyo yupi?"

"Opiyo wa magitaa, wa Kombewa. Yule mzee anasema gundi ya dukani inaua sauti. Vijana wa muziki wa benga wote wanamfuata huko, wanamlipa vizuri, na bado anakuja kwangu kuomba takataka ya bure."

*

Mzee Opiyo alikuwa amekaa kwenye kibaraza nyuma ya soko la Kombewa, gitaa bila nyuzi likiwa juu ya mapaja yake, na sufuria ndogo ikitokota kwenye jiko la makaa. Harufu ilimpokea Waliaula kabla ya mzee kumpokea.

"Karibuni. Mko wangapi?"

"Wawili, Mzee. Polisi wa Kisumu."

"Msijali. Mimi mtu akisimama mbali naona kitu kimesimama, basi. Wewe ungeweza kuwa mti. Cha mkononi ndicho nakiona."

Waliaula alimwekea pembe yote mkononi. Mzee Opiyo aliileta karibu na pua, akaipitisha vidole kutoka kitako hadi ncha, na uso wake ukakunjamana.

"Hii ni kazi yangu. Nani ameiloweka? Na sisimizi! Mnafuga wadudu huko kituoni?"

"Nani alikuagiza uitengeneze?"

"Mwalimu. Alisema ni ya mchezo wa kuigiza wa shule, watoto wanafundishwa habari ya wanyama. Alileta picha ya pembe na picha ya kile kidude cha risasi, ikionyesha namba vizuri. Risasi nilitoa kwenye nyavu, ile wanayotumia kuzamisha wavu, nikayeyusha. Nilikosea?"

"Kosa lako tutaliangalia baadaye. Mwalimu huyo anafananaje?"

"Kitu kilichosimama."

Lornah aligeuza uso asicheke.

"Sauti yake?"

"Kiswahili cha redio. Mtu amesoma."

Hiyo haikumsaidia Waliaula. Daktari Absalom alisema Kiswahili cha redio, na Walubengo alikisema redioni kwenyewe. Alikuwa tayari kuaga, lakini mzee alikuwa bado anaishika pembe yake kwa uchungu.

"Na nilimwambia," Opiyo alisema. "Nilimwambia, Mwalimu, kazi hii nitumie gundi ya dukani, ile ya tyubu mbili. Hii si gitaa, haina sauti ya kuharibika. Mvua haitaiweza, mdudu haitaki, watoto wataichezea mpaka nao wazae. Akakataa. Alitaka ya bondo."

Waliaula alikaa tena. "Alikataa ya kudumu?"

"Akaniuliza, ukiimwagia maji moto, inachukua muda gani kufunguka? Nikamwambia, kabla hujamaliza kuwasalimia wageni. Akafurahi sana."

"Akafurahi?"

"Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama nimempa binti."

Lornah aliendesha Land Rover mpaka walipopita daraja, ndipo Waliaula akamgeukia. Mvua ilikuwa haijaanza, lakini upepo ulikuwa unapiga majani ya migomba barabarani.

"Lornah, ukiiba pembe na kuacha bandia, unataka bandia ikae muda gani?"

"Milele, Afande. Au mpaka nifike Hong Kong."

"Dorca angetaka idumu, maana ufunguo ni wake. Agneta angetaka idumu, apate kusafirisha. Daktari Absalom kama angetaka kuuza pembe yake kwa siri, angetaka idumu kuliko wote. Huyu alilipa ili ifunguke kwa maji moto."

"Labda mchezo wa shule ni kweli basi."

"Mchezo ni kweli," Waliaula alisema. "Shule ndiyo uongo. Kesho kamati inakaa. Kwenye kamati kuna nini mezani kila mara?"

Lornah alifikiri. "Thamosi ya chai."

"Endesha."

*

Stoo ya kamati ilikuwa kwenye jengo la zamani la mawe karibu na gati. Daktari Absalom alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa, kofia mikononi. Alikuwa mtu mrefu mwenye viatu vya shamba, na hakuonekana kuwa alilala.

"Daktari, nina maswali ya mtu asiyejua," Waliaula alisema. "Pembe ikikatwa, inaota tena?"

"Kama ukucha. Unamlaza kwa dawa, unakata juu ya nyama, anaamka anakula majani."

"Na huyo asiye na pembe, mwindaji anamwacha?"

"Mara nyingi. Si kila mara." Absalom aligeuza kofia. "Inspekta, tumepiga marufuku tangu sabini na saba. Walikuwa maelfu na maelfu. Sasa ni mia chache. Marufuku ilimlinda nani? Mwizi anauza, mimi ninayemlinda mnyama sina hata mafuta ya gari. Nasema mlango mmoja, muuzaji mmoja, lakiri moja."

"Na mnunuzi atajuaje yako na ya mwizi?"

"Kwa lakiri."

"Lakiri yako imetengenezwa Kombewa na mzee asiyeona ng'ambo ya barabara, kwa risasi ya wavu. Alitumia picha zako."

Absalom aliiweka kofia kwenye benchi. "Basi kesho nimekufa."

"Wewe hujafa. Aliye seli ni Dorca. Niambie kitu kimoja. Jumatatu, gizani, Walubengo alisimama upande gani?"

"Upande wa ndani, kwenye kona. Mimi nilikuwa upande wa mlango. Kwa nini?"

"Napenda kujua watu wanasimama wapi."

Waliaula alichukua ufunguo kwa askari, akaingia peke yake. Kabati la chuma, wazi na tupu. Meza. Viti viwili. Polisi wa jana walikuwa wameng'oa hata ubao wa chini ya kabati. Alisimama kwenye kona ya ndani, akageuka polepole, akatazama vitu ambavyo mtu wa serikali huviona kila siku. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali.

Alimvuta Lornah kando, akamnong'oneza. Nyusi za Lornah zilipanda. Kisha Lornah aliingia stoo akiwa na koti lake mkononi, na Waliaula akaenda hotelini.

*

Enos Walubengo alikuwa kwenye kibaraza cha hoteli kinachotazama ziwa, amefungua makaratasi ya hotuba ya kesho. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwepo. Waliaula aliketi bila kukaribishwa na kuagiza chai.

"Iwe moto sana," alimwambia mhudumu.

Chai ilipokuja, alitoa kipande kingine cha ile pembe bandia, akakiweka kwenye kisahani, akamimina. Wote wawili walikitazama kikifunguka.

"Ungefanya hivi mbele ya kamati baada ya hotuba ya Daktari au kabla?" Waliaula aliuliza.

Walubengo hakuruka wala kukana. Alikunja makaratasi yake. "Baada. Ningemwacha aisifu lakiri yake kwanza." Kisha akatabasamu kidogo. "Mvua imeniharibia. Mzee alisema inastahimili wiki. Hakuniambia habari ya sisimizi."

"Hukumuuliza. Ulimuuliza inafunguka lini tu."

"Inspekta, nimezika askari wawili kule mbugani. Vijana. Vidole hivi viliondoka siku hiyo hiyo. Ukifungua mlango wa kuuza kihalali, kila pembe ya wizi itavaa nguo ya halali na kupita. Nimesema hivyo miaka mingi, watu wananipigia makofi wanaenda kulala. Nikasema, nitawaonyesha kwa macho. Mtu mmoja, fundi wa magitaa, na picha walizonipa wenyewe."

"Saa kumi uliichagua kwa sababu ya mvua."

"Kila mtu Kisumu anajua saa kumi stima inaenda."

"Na pembe yenyewe?"

"Sikuiba." Walubengo aliinamia meza. "Hilo ndilo jambo lenyewe. Haijatoka kwenye chumba kile. Kesho ningewapeleka wote pale niitoe mbele yao. Iko kwenye ndoo nyekundu ya mchanga, ile ya kona. Polisi wako wamepekua mara mbili na hakuna aliyeitazama."

"Na Dorca?"

"Kesho mchana angekuwa huru."

"Leo je? Na jana?"

Walubengo alitazama ziwa. "Niliposikia amekamatwa nilitaka kuja. Lakini ningekuja, kazi yote ingekufa. Ni siku mbili, Inspekta. Kwa ajili ya wanyama wote waliobaki."

"Simiti ya seli inajua siku mbili ni ndefu kiasi gani," Waliaula alisema. "Inuka. Tukaichukue."

*

Walipofika, Bwana Shitanda, aliyeitwa na Lornah, alikuwa ndani ya stoo, na Daktari Absalom amesimama ukutani. Walubengo alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akapiga magoti mbele ya ndoo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Akautoa. Akaingiza yote miwili.

"Iko hapa," alisema. Mchanga ulimwagika sakafuni. Alipindua ndoo. Mchanga, kipande cha sigara, msumari. "Iko hapa. Niliiweka hapa."

"Unasema uliibadilisha wewe?" Shitanda aliuliza.

"Ndiyo! Lakini niliificha humu! Sikuitoa!"

"Nani alikuona ukiificha?"

"Kulikuwa giza."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna." Walubengo alisikia jibu lake mwenyewe. Shati lake lilikuwa limeshika jasho mgongoni. "Bwana Mkubwa, nakuapia. Nasema ukweli."

"Ndivyo nilivyosema mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Dorca alikuwa amesimama pale, sweta yake mkononi, na Lornah, aliyekwenda kumtoa seli, nyuma yake. Walubengo alimtazama akiwa bado amepiga magoti, mchanga umemjaa mikononi. Nje mvua ilianza kupiga mabati, na taa ya chumba ikazimika, ikarudi.

Waliaula aliangalia saa yake. Alisubiri kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Mpe, Lornah."

Lornah alifungua koti lake. Dorca aliichukua pembe, nzito, na chembe za mchanga kwenye waya wake, akaiweka mezani mbele ya Daktari Absalom. Absalom aliikwaruza kidogo, akawasha kiberiti chini ya unga huo. Ulinuka nywele zilizoungua, bila harufu yoyote ya samaki.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Niliitoa ndooni mchana, nikampa Lornah," Waliaula alimwambia Walubengo. "Getini hawapekui anayeingia, wanapekua anayetoka. Kwa hiyo bandia iliweza kuingia, lakini ya kweli haikuweza kutoka. Nilitaka ujue inavyokuwa mtu akiwa na ukweli na hana kingine."

Walubengo alipangusa mikono. Akasimama wima. "Hata hivyo nimethibitisha. Mtu mmoja na ndoo."

"Umethibitisha. Nitaandika hivyo. Nitaandika pia kwamba mtunza stoo aliona kasoro kabla yenu wote, akaripoti, akafungwa. Kamati isome yote mawili."

"Nimwandikie kosa gani?" Shitanda alinong'ona. "Pembe haikutoka chumbani."

"Alijua ukweli wa kesi akanyamaza, na mtu akalala ndani. Anzia hapo, Bwana Mkubwa. Na nafasi ya Mama Dorca kule seli iko wazi usiku wa leo."

Lornah alimshika Walubengo begani. Shitanda alijikohoza, akatoa mfukoni kamba yenye ufunguo, alioupokea kwa askari, akamnyooshea Dorca bila kumtazama usoni.

"Mama, pole. Funga pembe. Kesho kamati inakaa."

Dorca aliupokea. Kwa muda walidhani atauvaa. Badala yake aliisimamisha ndoo nyekundu, akaurudisha mchanga humo kwa viganja, bila haraka, mpaka sakafu ikawa safi. Kisha akausukuma ufunguo ndani ya mchanga kwa kidole, akausawazisha juu.

"Uko salama humo," alisema. "Hakuna anayetazama."

Alivaa sweta yake na kutoka kwenye mvua. Getini askari alimpekua.

Daktari Absalom na Enos Walubengo walibaki wakitazama ndoo, pembe ikiwa bado mezani, mmoja kila upande, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama.